Vizibao Vitatu Havikurudi

Sehemu ya tisa

Uvumi ulianzia bombani. Mokami, jirani yake Waisiko tangu nyumba zao zikiwa bado zimesimama, alitua ndoo akasema bila hata salamu:

"Mama Tabitha, wale wa vizibao vya njano wanaandika watoto. Na walioandikwa hawabaki wote."

Waisiko alicheka. "Mokami, wewe hata mvua ya mawe ikinyesha utasema kuna mtu anarusha."

"Haya, cheka. Mimi wa kwangu nimemwambia akiitwa jina asiitike."

Waisiko akajitwisha maji akaondoka. Lakini neno lile lilimganda kama kupe. Alikoroga nalo uji, alifua nalo, alilala nalo, akaamka nalo. Ndilo lililomtoa kwenye mkeka asubuhi ile, hajanawa uso, hadi darasa la nne, walikolala wasichana wakubwa wa kambi ya mafuriko.

Wewe uliyekuwa nasi wiki jana unajua alichokuta. Blanketi la msaada limekunjwa vizuri. Ndala moja, ya kushoto. Mwanawe Tabitha, miaka kumi na miwili, hayupo.

Hakupiga kelele. Kelele alizimaliza siku mto ulipopanda kijijini Nyansurura ukamchukua mumewe Sylvester pamoja na nyumba, ghala na mbuzi. Aliinama, akaiokota ndala, akaificha ndani ya kanga.

"Sarah," alimwita msichana wa mkeka wa pili. "Mwenzako yuko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Ameenda kupimwa sare."

"Sare gani? Shule si zimefungwa?"

"Za Januari. Kuna baba wa kizibao alikuja kunapambazuka, akasema wafadhili wameshusha sare na viatu Kenyamonta. Akasoma majina. Tabitha akamwambia ndala yangu imekatika, baba akasema iache hapo, utapewa viatu vyeusi. Akaondoka na moja."

"Baba huyo unamjua?"

"Simjui. Ila ana kizibao."

"Waliosomwa ni wangapi?"

"Wanne."

"Na wewe?"

Sarah alishusha macho. "Mimi sikusomwa. Nimelia mpaka nimechoka."

Hebu fikiria. Mtoto analia kwa sababu mwizi hakumchagua.

Waisiko alivuka uwanja wa shule mbio. Ofisi ya walimu ndiyo ilikuwa makao ya Klabu ya Mkono wa Jirani, watu wa vizibao waliojitolea kutoka mjini: walimu, manesi, wenye maduka. Tusiwaonee. Maji yalipoingia, siku ya pili tu walifika na kirikuu yao, kile kigari cha mizigo, imejaa unga, mablanketi na dawa ya maji. Waisiko mwenyewe alikula unga wao. Aliwaombea.

Ndani alimkuta Mwalimu Pudensiana, katibu wa klabu, mzaliwa wa Bukoba aliyepangiwa kazi huku miaka mitatu iliyopita. Alikuwa anapanga madaftari.

"Mwalimu, nani amewaita watoto Kenyamonta?"

"Kenyamonta? Hatuna kitu Kenyamonta."

"Kupimwa sare."

"Mama Tabitha, hata penseli hazijatosha. Sare tuzitoe wapi?"

Walitazamana. Halafu, kama waliosukumwa na mkono mmoja, wote wawili wakageuka kutazama mlango.

Pale mlangoni, upande wa nje, palikuwa na orodha. Klabu iliiandika siku ile ya kwanza, kwa mwandiko mzuri wa kimwalimu: jina la mtoto, umri, ukoo, baba yupo au hayupo, analala chumba kipi. Wakaibandika nje ili ndugu waliotawanywa na maji watafutane bila usumbufu. Na ilisaidia, ukweli usemwe. Bibi mmoja alitoka Nyarero akampata mjukuu wake kwa orodha hiyo. Watu walishangilia. Picha zilipigwa.

Waisiko aliishia darasa la saba, lakini kusoma anajua. Alipitisha kidole taratibu kwenye karatasi. Akaona kitu ambacho siku zote alipita bila kukiona. Nukta. Nukta ndogo za kalamu ya kijani, pembeni ya majina manne.

"Hizi ni zenu?"

"Klabu haina kalamu ya kijani," Mwalimu alisema.

Umri: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na tatu.

Ukoo: ule ule mmoja.

Baba: hayupo, hayupo, hayupo, hayupo.

"Mungu wangu. Kwa nini hawa tu?"

Waisiko alimtazama mwanamke huyu mwema wa mbali, akamwonea huruma.

"Mwalimu, huu ni mwezi gani?"

"Desemba."

"Na mwaka huu wazee wa mila wamesema nini?"

Mwalimu Pudensiana alikaa chini. Hakutafuta hata kiti. Alikaa juu ya boksi la sabuni.

Hapo hakuna la kumfafanulia mtu wa Tarime wala wa Serengeti. Wazee wakiutangaza mwaka wa kukeketa, likizo ya Desemba haiwi likizo. Ngariba wanatoa vyombo vyao. Wasichana wengine wanakimbilia nyumba salama, wengine wanafichwa kwa shangazi, wengine wanapelekwa huku wanaimbiwa na wao wanalia. Sheria inakataza. Wanajua inakataza, ndiyo maana siku hizi wanapita kimyakimya.

Sylvester alikuwa amekataa. Alisimama mbele ya ndugu zake akasema Tabitha hakatwi, Tabitha anakwenda sekondari. Walimcheka, wakamwita mke wa mkewe. Lakini alikuwa hai, na baba akiwa hai akisema hapana, inabidi watu waende taratibu. Sasa Sylvester hayupo. Imeandikwa mlangoni kwa mwandiko mzuri kwamba hayupo.

Klabu ilikuwa imewarahisishia kila kitu. Mtoto gani, wa ukoo upi, asiye na baba wa kumkatalia, na mlango wa kugonga.

"Tuliandika kwa nia njema," Mwalimu alisema.

"Najua, Mwalimu. Na aliyeweka nukta alisoma kwa nia yake."

Mara mwenyekiti wa klabu akaingia. Huyu ni Wilbard, mwenye duka la pembejeo mjini, mtu wa vicheko na simu mkononi saa zote, tayari kupiga picha.

"Jamani, nyuso gani hizi leo? Hata kamera itakataa!"

Akaelezwa. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Alikuwa na kizibao chetu? Chenye mkono na nyumba mgongoni?"

"Chenu hicho hicho."

"Haiwezekani. Tuna kumi na viwili tu. Nilivichapisha mwenyewe."

Mwalimu Pudensiana alifungua kabati. Akavigusa kimoja kimoja, midomo inacheza.

"Tisa," alisema.

"Hesabu tena."

"Tisa, mwenyekiti."

Wilbard alijifuta jasho. "Siku ya maji tulimvisha kila aliyekuja kubeba magunia. Mama, tulikuwa tunaokoa watu! Nani angekaa kukimbizana na nguo?"

"Mimi ningekaa," Waisiko alisema.

Nje, sauti ya Mokami ilikuwa tayari imejaza uwanja. "Nilisema mimi! Nilisema bombani nikachekwa! Watoto wamebebwa!" Kambi ikaanza kuvuma kama mzinga uliopigwa teke. Na kutoka katikati ya watu wale akachomoka mwanaume, anahema, matope hadi magotini, amevaa kizibao cha njano.

Kisyeri. Mdogo wake marehemu Sylvester.

Huyu Kisyeri, kwa wewe usiyeanza nasi, ndiye aliyebeba vizee mgongoni siku tatu za mafuriko mpaka klabu nzima ikampigia makofi. Ndiye aliyesimama mazishini akasema mbele za watu, "Watoto wa kaka ni wangu."

"Shemeji!" Alimshika Waisiko mikono yote miwili. "Wamemwiba mtoto wa kaka yangu? Nitakulaje ugali mimi, kama mtoto wa kaka haonekani?"

"Kumbe kimoja unacho wewe," Wilbard alisema akikitazama kizibao, na uso ukamlegea kidogo. "Afadhali. Bado viwili."

"Nilisahau kukirudisha, mwenyekiti. Sikiliza. Vijana wa bodaboda wameniambia kuna gari, Proboksi ya kijivu, imeonekana imejaa watoto, inapanda njia ya Nyarero. Tukiwahi, tunaikamata kabla haijafika mpakani Sirari. Washa gari!"

Waisiko alikuwa anataka kumwamini. Lo, alitaka! Mwanamke aliyepoteza mume, mtoto amechukuliwa, na huyu hapa damu ya mumewe, amekuja mbio. Alimtazama usoni. Halafu macho yakateremka.

Kizibao kile kina mkanda wa kunata kifuani, ule unaokwaruza, unaoshika kila kitu. Na mkanda ulikuwa umeshika kitu.

Uzi wa bluu.

Juzi Waisiko alimsuka Tabitha. Uzi mweusi kambini haukuwepo, kwa hiyo alifumua sweta moja la msaada, la bluu ya mbinguni, akamsukia nywele kwa uzi wa sweta. Kambi nzima walimtania mtoto kwamba kichwa chake kimevaa sweta. Hapakuwa na kichwa kingine cha bluu Nyansurura yote.

Uzi uliokuwa kifuani kwa Kisyeri ulikuwa na nywele bado. Nyeusi, fupi, zimekatwa sawasawa. Kwa wembe.

Na wasichana hunyolewa kwanza, kabla ya kukatwa.

Waisiko alikaza fundo la kanga. Akasema kwa sauti ya kila siku:

"Afadhali umekuja, shemeji. Nisubirini dakika moja, nichukue vidonge vyangu vya presha kwa Sista."

Selestine, nesi wa klabu, alikuwa chumba cha pili anasafisha kidonda cha mzee. Waisiko alimwinamia sikioni.

"Sista, panda kile kichuguu chenye mtandao. Piga Dawati la Jinsia la polisi, piga na kwa mtendaji. Waambie Kenyamonta, siyo Nyarero. Wasichana wanne, wameshaanza kunyolewa. Na usinitazame hivyo. Cheka."

"Nini?"

"Cheka, Sista. Ananiona mlangoni."

Selestine alicheka. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alicheka, akamfungia vidonge viwili kwenye kipande cha gazeti kama mtu aliyeombwa dawa ya kichwa.

Wakapanda kirikuu. Wilbard kwenye usukani, peke yake. Mwalimu Pudensiana alibaki. Alikuwa ameshaing'oa orodha mlangoni na sasa amekaa mbele ya darasa la nne kama askari, na fagio mkononi. Kisyeri alitaka kukaa mbele aelekeze njia.

"Shemeji, kaa na mimi huku nyuma," Waisiko alimwomba. "Naogopa kurushwa na mashimo. Njia ya Nyarero mwenyekiti anaijua."

Angekataaje mbele za watu? Akapanda nyuma.

Gari likaondoka. Kambi ikabaki nyuma, ikawa moshi wa uji na mabati. Kioo cha nyuma cha Wilbard kilikuwa wazi, kimevunjika tangu mafuriko. Waisiko alisubiri mpaka wakavuka daraja dogo, mahali ambapo pande zote ni matope ya kumeza mtu, na gari linatambaa.

"Shemeji, kifuani kwako kuna uchafu."

Kisyeri alijitazama. Akaunasua uzi kwa vidole viwili. Alikuwa karibu kuutupa, akasita.

"Ni uzi tu wa sweta."

"Naujua. Nimeufumua mimi."

Gari lilipiga shimo, wote wawili wakarushwa, wakarudi. Kisyeri alitazama upande wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu anayepima mtaro.

"Usiruke," Waisiko alisema. "Dawati limeshapigiwa. Wanakwenda Kenyamonta. Hata ukiruka, unawarukia."

Mtu hubadilika uso, na wewe umeshaona. Lakini uso wa Kisyeri haukubadilika; ulivuliwa. Yule mbeba vizee akatoka, akabaki mwingine.

"Mtoto ni wa ukoo," alisema. "Siyo wako. Wewe ulikuja kwetu na sanduku moja la nguo. Kaka alitutia aibu, sisi tukanyamaza kwa sababu ni mkubwa wetu. Sasa mkubwa ni mimi. Msichana asiyekatwa, nani atamwoa? Ataitwa nani?"

"Ataitwa Tabitha. Yuko wapi?"

Kisyeri alicheka, kicheko kibaya, cha kikohozi.

"Yuko wapi! Wewe mama, ningekuwa naye, ningerudi kambini kufanya nini?"

Waisiko alimtazama. Taratibu, kitu kikaanza kufunguka kifuani mwake. Huyu hakurudi kuwadanganya tu. Alirudi kutafuta. Alifikiri mtoto amekimbilia kwa mama yake.

"Amewatoroka."

Kisyeri alitema mate nje ya gari.

"Kisyeri! Amewatoroka!"

"Wembe ulikuwa umefika katikati ya kichwa. Kamng'ata mkono bibi aliyekuwa anamnyoa, kapita dirishani. Ndala moja, mguu mmoja peku."

Waisiko alikaribia kupiga kigelegele palepale juu ya kirikuu. "Mwanaume mzima, mbeba magunia, umeshindwa mbio na mtoto mwenye ndala moja!"

"Usifurahi."

Alivyolisema hilo, halikuwa tena neno la kutisha watu. Lilikuwa neno la mtu ambaye mwenyewe ametishika.

"Nilimfuata mpaka barabara kubwa," Kisyeri aliendelea. "Palikuwa na mtu amesimama na pikipiki. Kama anasubiri. Tabitha alipomwona hakusita. Alimkimbilia mwenyewe, hakuitwa. Kapanda, wakaondoka, na wala hawakushika njia ya kambini."

"Mtu gani?"

"Sura sikuiona, alinipa mgongo. Niliona kizibao."

Siku yao ya kwanza kambini alikuwa amemshika Tabitha mabega yote mawili, akamwambia maneno haya haya: "Ukipotea, au ukiogopa, mtafute mtu wa kizibao cha njano. Hao ndio wetu."

"Lakini nyie si mlikuwa navyo pia? Mbona hakuwaogopa wa vizibao?"

"Vyetu tulivivua tulipofika. Tulivitupa chini pale pale aliponyolewa. Tukacheka, tukasema kazi yake imeisha."

Ndiyo. Mtoto aliwaona wezi wakivua. Kwa akili ya mtoto, aliyekuwa bado amevaa ndiye wa kweli. Alifanya kama alivyofundishwa na mama yake.

Waisiko aliing'ang'ania ndala iliyokuwa ndani ya kanga mpaka kucha zikazama kwenye mpira wake.

"Vizibao vilivyopotea ni vitatu," alisema. "Kimoja umekivaa. Cha pili?"

"Anacho dereva wa Proboksi. Yuko Kenyamonta na wale watatu."

"Na cha tatu mlimpa nani?"

Kisyeri alitikisa kichwa. Akatikisa tena. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alimtazama shemeji yake machoni.

"Sisi tulichukua viwili."

Gari likasimama.

Hapakuwa na shimo, hapakuwa na ng'ombe barabarani. Wilbard alikuwa amezima injini. Juu ya dashibodi simu yake iliita. Aliitazama, hakuipokea, akaigeuza kifudifudi.

"Hata mimi sijui kilipo cha tatu," alisema haraka, bila kugeuka nyuma.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

*

Wewe mama unayesoma haya na wako yuko nje anacheza, usingoje kujua Tabitha amefikia wapi. Epuka haya:

Kubandika majina ya watoto mlangoni. Yakae kwa mtu mmoja anayejulikana, na anayetafuta mtoto aje aulize, naye aulizwe.

Kumtajia mgeni ukoo na umri wa binti yako, hata kama ameleta unga.

Kuruhusu mtoto apelekwe "kupimwa" kitu chochote bila wewe kuwepo. Sare, viatu, macho, chochote.

Kumvisha mtu nguo ya kazi ya kusaidia na kuacha jua lizame bila kuidai.

Kudharau uvumi kwa sababu aliyeuleta anaongea sana.

Kumkabidhi mtoto ndugu wa mume kwa kuwa tu alilia mazishini.

Kunyamaza Desemba ikikaribia. Mwambie mwalimu, mwambie nesi, mwambie mtendaji, na umwambie mapema, kabla wazee hawajakaa.

Kumfundisha mtoto kuamini nguo. Mfundishe sura, jina na sauti. Waisiko alimfundisha nguo.